Jina Alilooa Nalo

"Twaiba, Mungu apishe mbali, lakini mumeo akifa leo, habari utampelekea nani?"

Swali hilo jirani yake, Bi Mwanapili, aliliuliza mwaka jana, siku walipokuwa wanarudi matangani, wamesimama nje ya nyumba ya Twaiba hapo Msambweni.

"Nitampelekea kaka Swabir," Twaiba alijibu.

"Swabir ni kaka yako wewe. Mimi nauliza upande wake. Mama, shangazi, hata binamu mmoja kibogoyo."

"Wazazi wake walikufa zamani, Bi Mwanapili. Yeye ni mtu wa Lunga Lunga, hana mtu."

"Haya. Mimi nina miaka sitini na moja, shoga yangu, na mtu asiyekuwa na mtu sijamwona bado."

Twaiba alicheka, akaingia ndani. Lakini tangu siku hiyo akaanza kumtazama mumewe.

Chande alikuwa fundi seremala katika karakana ya Swabir kule Ukunda. Mtu mpole, sala tano hazimpiti, na kitanda akikichonga utasema kimeota chenyewe. Swabir ndiye aliyemleta nyumbani, na kwa kuwa baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Swabir ndiye aliyesimama walii na kumwoza dada yake. Mwaka wa tatu huo, mtoto Mungu alikuwa bado hajawajaalia, lakini ugomvi hawakuujua.

Sasa Twaiba aliyaona mambo ambayo zamani hayakumsumbua. Laini ya simu ya Chande ilisajiliwa kwa jina lake yeye Twaiba. Vitanda vya hoteli za Galu alivitengeneza Chande, lakini kuvipeleka walipeleka wengine. Kila palipotokea arusi Mombasa, Chande alishikwa na homa. Na siku aliposhikwa na homa ya kweli, alimwita mama yake kwa lafudhi ambayo Twaiba hajapata kuisikia kwa mtu yeyote wa Lunga Lunga.

Jumanne moja alasiri, Chande akiwa bafuni, simu yake ikalia juu ya kabati. Twaiba hakuwa mtu wa kupekua. Lakini ujumbe ulijitokeza wenyewe juu ya kioo, naye macho anayo.

"Kesho saa tatu Majoreni. Usisahau picha mbili. Mkeo usimwambie mpaka tumalize. Fauzia."

Aliusoma mara tatu. Picha mbili! Hata yeye alipoolewa waliambiwa walete picha ndogo ndogo za kubandikwa kwenye karatasi za ndoa.

Chande akatoka, taulo shingoni.

"Mbona umesimama hivyo?"

"Nakunja nguo."

"Nguo ziko wapi?"

"Zitakuja. Kesho waenda kazini?"

"Nina safari kidogo. Kuna mtu wa Shimoni ataka nimpimie kabati."

"Wa Shimoni."

"Ndiyo, wa Shimoni."

"Basi vaa lile shati jeupe," Twaiba akasema. "Kabati la watu likapimwe na mtu nadhifu."

Chande alimtazama kitambo, kama mtu anayetaka kusema neno. Asubuhi alivaa lile shati jeupe, akaondoka.

Twaiba aliswali Dhuha, akakaa juu ya msala wake muda mrefu. Kisha akampigia kaka yake.

"Asalaam aleikum, kaka."

"Wa aleikum salaam. Mwambie Chande awahi, vitanda vya Galu vyangoja."

"Kwani hakukuaga? Amekwenda Majoreni."

Mlio wa randa uliokuwa ukisikika nyuma ya Swabir ukanyamaza.

"Majoreni kufanya nini?"

"Nadhani anaoa."

"Anaoa?" Swabir akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyenusurika. "Basi hilo dogo, Twaiba! Muache. Dini imemruhusu."

Twaiba akaitoa simu sikioni akaitazama. Swabir huyu huyu aliwahi kumpiga kijana kofi kwa kumpigia yeye mluzi. Leo aambiwa mume wa dada yake anaongeza mke, akapumua?

"Kaka, wewe wajua nini?"

"Sijui kitu. Ila usiende Majoreni. Wanisikia? Usiende."

Ndipo Twaiba alipovaa buibui lake.

Alifika Majoreni saa nne kasoro. Njia nzima alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia huyo bibi arusi. Lakini mbele ya ofisi ya chifu hakukuwa na arusi. Kulikuwa na hema, meza mbili, na foleni ya watu: wazee wa kofia, mabibi wa leso, wote wameshika karatasi kama watoto siku ya mtihani. Mbele kabisa ya foleni alikuwapo Chande, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu anamnyoosha kola ya shati huku anacheka.

"Asalaam aleikum," Twaiba akasema.

Chande aligeuka. Uso ukamsawijika.

Yule mwanamke alimtazama Twaiba toka juu hadi chini, kisha akaziba mdomo. "Yarabi! Huyu ndiye wifi? Na wewe hukunambia mzuri namna hii!"

"Wifi wa nani, bibi?"

"Anayefuata!" akaita karani, kijana wa bara mwenye miwani. "Mzee, songa. Na huyu mama ni nani yako?"

"Mke wangu," Chande alijibu.

"Mama, ni ukweli? Hii ni bwana yako?"

"Ndiye."

"Sawa sawa. Anaitwa nani?"

Twaiba alifungua kinywa kutaja jina la Chande bin Bakari, jina ambalo kwa miaka mitatu alilitaja kila alipoinua mikono kuomba. Macho yake yakaangukia fomu iliyokuwa mezani. Picha ilikuwa ya mumewe. Jina halikuwa la mumewe. Akamtazama, Chande alikuwa anamwangalia kwa macho ya mtu anayezama. Hapo Twaiba alifahamu kwamba jina moja kutoka kinywani mwake lingetosha kumfunga mtu huyu, na kwamba jina hilo ndilo pekee analolijua.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Ana mdomo."

Foleni nzima ikacheka. Karani naye akacheka.

"Shaame Faki Kombo," mumewe akasema polepole.

"Kabila?"

"Mpemba."

* * *

Nyumbani kwa Fauzia, hatua chache kutoka pale, Twaiba aliwekewa mkeka na chai. Chai hakuigusa.

"Huyu ni dada yangu, tumbo moja," Shaame akaanza.

"Wewe nani?"

"Twaiba..."

"Nauliza wewe nani. Mimi niliolewa na Chande bin Bakari. Yuko wapi?"

Shaame akainamisha kichwa. "Amekufa. Alikuwa fundi, rafiki yake Swabir. Alikufa kwa maradhi kabla sijakujua."

"Kwa hiyo nimeolewa na maiti."

"Wifi, sikiza," Fauzia akaingilia. "Babu yetu alikuja kutoka Pemba kabla ya bendera ya uhuru. Baba kazaliwa hapa, sisi tumezaliwa hapa, na hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Laini ya simu huandikishi, benki huingii, barabarani ukisimamishwa na askari hujui utalala wapi. Mpaka juzi juzi serikali ilipotutambua. Leo alikuwa anaandikishwa. Alitaka akuletee jina lake mkononi, kisha akupeleke kwa mama yetu, anaishi hapa hapa Majoreni."

"Na kile kitambulisho cha Chande alikitoa wapi?"

Ndugu wawili wakatazamana.

"Nauliza."

"Nilipewa," Shaame akasema, "nilipokwenda Ukunda kutafuta kazi. Nikaambiwa, wewe na marehemu mnafanana uso, chukua, ufanye kazi. Baadaye nikaambiwa, ukitoka kwenye karakana hii, kituo cha polisi si mbali."

"Ukaambiwa na nani?"

Kabla hajajibiwa, alijua. Twaiba aliiona tena sebule yao, siku ya nikaha: Swabir ameushika mkono wa bwana arusi, sauti yake imejaa chumba, "Ewe Chande bin Bakari, nimekuoza dada yangu Twaiba." Na yeye nyuma ya pazia analia kwa furaha.

"Kaka yangu alijua," akasema. "Alikushika mkono mbele ya Mungu, akakuita jina la maiti, naye anajua."

"Anajua."

"Na wewe ukakubali."

"Nilikupenda. Niliogopa nikisema sitakupata, na nilipokupata nikaogopa nikisema nitakukosa."

"Miaka mitatu namwombea Chande. Ya Rabbi mhifadhi Chande, ya Rabbi mpe Chande afya. Nilikuwa namwombea nani?"

"Marehemu naye atakuwa amefaidika, wifi," Fauzia akasema kwa unyenyekevu.

Twaiba alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka, na nyuma ya kicheko yakaja machozi. Shaame akanyoosha mkono.

"Usiniguse. Sijui kama mimi ni mke wa mtu. Utalala kwa dada yako mpaka nijue. Na nikijua, nikaambiwa sikuwa mke, kila mmoja ana njia yake."

* * *

Ijumaa baada ya Alasiri, walikaa sebuleni Msambweni: Maalim Rai, aliyewafungisha ndoa, Swabir, Shaame na mashahidi wawili aliokuja nao kutoka Majoreni. Twaiba na Fauzia walikaa upande wa pazia, lakini pazia Twaiba alilifunga fundo, ili aonekane.

Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikaha haikuharibika. Mkono ulishika mkono, na aliyesema nimekubali ndiye huyu aliyekaa hapa. Wewe ni mke wake, binti yangu, na ulikuwa mke wake siku zote."

Fauzia akapiga kigelegele. Twaiba akamshika mkono anyamaze.

"Alhamdulillahi. Lakini Maalim, moyo wangu haujatulia. Nataka isomwe upya, kwa jina lake. Na aniozeshe kaka yangu, huyu huyu aliyelificha."

"Kuirudia hakuna dhambi," Maalim akasema. "Swabir?"

Swabir alijipangusa jasho. "Maalim, haya ni mambo ya kuvumbua. Watu wameishi vizuri miaka mitatu. Na vitanda vya Galu vitamalizwa na nani, huyu akienda kukaa Majoreni?"

"Dada yako auliza kama alikuwa mke halali," Twaiba akasema, "nawe wauliza vitanda?"

"Mimi nilikufanyia wema!"

"Wema gani, kaka?"

"Mama alipokufa alikuacha mikononi mwangu!" Sauti ya Swabir ikapanda, kisha ikavunjika. "Rafiki zako wote wameolewa wakahamishwa. Huyu Mombasa, huyu Lamu, huyu Muscat. Nani angebaki? Nikamwona mtu ana dini, ana kazi, hana kwao. Nikasema huyu hatamwondoa dada yangu."

Twaiba alimwangalia kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamwonea huruma. Lakini huruma haikumzuia.

"Kwao anako, kaka. Ulikuwa unawaficha watu wake ili upate kumtisha. Miaka mitatu mama mkwe wangu anazeeka Majoreni, sijampa hata shikamoo."

Shaame alitoa mfukoni kitambulisho cha zamani, akakiweka juu ya mkeka mbele ya Swabir.

"Marehemu ana mama yake Lunga Lunga," akasema. "Mpelekee, ni haki yake. Na kazini, shemeji, sitarudi."

"Ukithubutu nitakwenda..." Swabir akaanza.

"Utakwenda wapi?" Twaiba akamkata. "Useme kadi ilitoka kwa nani?"

Maalim akakohoa. "Swabir, ukikataa bila sababu ya sheria, nitamwandikia Kadhi, asimame yeye mahali pako. Na sababu nitaiandika. Chagua."

Swabir akanyoosha mkono. Shaame akaupokea. Mashahidi wakasogea karibu. Maalim akasoma hutuba, akatulia, akamwashiria Swabir.

"Ewe..." Swabir akaanza, akakwama.

"Shaame," Maalim akamwambia taratibu.

"Najua." Akameza mate. "Ewe Shaame bin Faki. Nimekuoza dada yangu Twaiba, kwa mahari mliyopatana."

"Nimekubali," Shaame akasema, na machozi yakamtiririka waziwazi, "nimekubali kumwoa Twaiba kwa mahari tuliyopatana."

"Allahumma barik," Maalim akasema, akainua mikono kuomba dua. Mikono yote ikainuka, na ya Twaiba, na ya Fauzia, ambaye kigelegele kilikuwa kimemjaa mdomoni akingoja ruhusa.

Ya Swabir haikuinuka. Alikiokota kile kitambulisho mkekani, akainuka, akapita kati ya mashahidi. Mlangoni akaviokota viatu vyake, akatoka peku.