Sikio la Kushoto la Kasiana

Mwishoni mwa Juni 1996 baridi ya Songea ilikuwa imeshika kweli, na pale soko kuu watu walizingira marundo ya mitumba wakigombea nguo za sufu. Osmund Ndunguru alishika mkono wa sweta la kahawia akalivuta. Sweta likavutwa upande wa pili.

Aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa trakisuti nyekundu na buti za kijeshi, nywele amezikata fupi kabisa, macho hayakwepi.

"Kaka, hili limeshapata mwenyewe," alisema mwanamke.

"Mwenyewe ni nani?"

"Aliyelivaa." Akalivaa palepale.

Muuzaji alicheka. Osmund alitaka kujibu, lakini alimwona yule mwanamke akibana pua, akifumba mdomo na kusukuma pumzi taratibu, kisha akimeza mate. Osmund alikuwa tabibu katika zahanati ya binafsi iliyofunguliwa mwaka uliopita, na wagonjwa wake wengi walikuwa wa masikio. Akamwuliza kama yameziba. Alijibiwa kwamba yameziba tangu asubuhi, ndege ilipotua kiwanja cha Ruhuwiko, na kwamba yeye anaitwa Kasiana Gama, kazi yake ni kuruka kutoka angani. Alilisema hilo kama mtu anayesema anauza nyanya.

Osmund alidhani anataniwa. Kasiana akamgeuza bega na kumwonyesha tangazo ukutani: siku ya Saba Saba, kampuni mpya ya sabuni ingeshusha watu sita kwa miavuli katikati ya uwanja wa mpira. Mmoja katika picha alikuwa yeye. Osmund akalisahau sweta.

Jioni Osmund alipiga simu nyumba ya wageni walikofikia warukaji.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Kasiana.

"Mwenye sweta."

"Mwenye sweta ni mimi, daktari. Wewe ni mwenye baridi."

Kwa siku tisa simu ile haikupumzika. Walikula ndizi na nyama choma, wakatembea hadi chini ya milima ya Matogoro, naye Osmund akawa na maswali yasiyoisha. Kasiana alimweleza kwamba ndege ikipanda, masikio hufunguka yenyewe. Taabu ni kushuka. Mtu anaporomoka karibu dakika nzima kabla ya kufungua mwavuli, mikono ameitandaza, hawezi kubana pua. Hapo anameza mate na kuchezesha taya, anaanza mapema, hasubiri maumivu. Mwavuli ukishafunguka ndipo anabana pua na kupuliza, tena polepole.

"Na ukiwa na mafua?" aliuliza Osmund.

"Huruki. Daimu hakupandishi."

Daimu alikuwa kiongozi wao, mtu wa Tunduru, mwanajeshi mstaafu asiyependa maneno mengi.

Jioni ya Julai sita Kasiana alikuja zahanati akiwa na leso mkononi. Osmund alimulika masikio yake. Kiwambo cha sikio la kushoto kilikuwa chekundu, kimevutwa ndani. Alimwambia asiruke.

Kasiana akaeleza kwamba mama yake, Mama Domina, angekuja kutoka kijijini Likuyufusi kumwona akiruka kwa mara ya kwanza. Tangu alipoingia jeshini miaka tisa nyuma, mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ni karani. Kesho ingekuwa mwisho wa uongo huo.

"Wewe nawe ni kama wote," alisema. "Mnanipenda nikiwa chini."

Neno lile lilimchoma Osmund kuliko alivyotaka kuonyesha. Alifungua kabati akampa matone ya pua, akamwambia nguvu yake hudumu kwa muda wa saa tatu au nne tu, ayaweke saa sita ili aruke saa nane. Akamtaka ampe habari Daimu. Kasiana aliahidi kumwambia, akamwomba Osmund naye asimwambie mtu. Osmund akaahidi.

Kesho yake mgeni rasmi alichelewa. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Ndege ilikuwa kiwanja cha Ruhuwiko ikisubiri, na chupa ya matone aliyoyaweka saa sita ilikuwa imebaki chumbani kwa Kasiana. Uwanjani Osmund aliangalia saa yake mara nyingi. Daimu alisimama hatua ishirini tu kutoka kwake, redio ya mawasiliano mkononi. Osmund alipiga hatua tano, akaikumbuka ahadi yake, akarudi kukaa kando ya Mama Domina. Saa kumi na nusu ndege ilisikika.

Kule juu Kasiana alijua mambo yameharibika kabla hajafika nusu ya njia. Alimeza mate, kinywa kikavu. Alichezesha taya. Sikio la kulia lilifunguka, la kushoto lilikuwa kama linapigiliwa msumari. Mwavuli ulipofunguka alibana pua akapuliza. Halikufunguka. Uwanja ulikuwa unakuja, na mahali fulani katika umati ule alikuwapo mama yake. Akapuliza kwa nguvu zake zote.

Kitu kilipasuka. Joto lilimtiririka shingoni na dunia ikaanza kuzunguka. Alitua mbali na duara la katikati, karibu na goli, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mama Domina ndiye aliyeona damu kwanza. Hakupiga kelele. Aliushika mkono wa Osmund, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu anatokwa nini?" Osmund alikuwa tayari anakimbia, akijua jibu, na akijua kwamba jana sikio lile lilikuwa mikononi mwake.

Siku tano baadaye kikosi kilirudi Dar es Salaam kwa basi, kwani Kasiana hakuruhusiwa kupanda ndege. Alfajiri Osmund alimkuta stendi, kichwa amekifunga kitambaa. Osmund alitembea kushoto kwake, katikati ya honi na injini za mabasi, naye hakuweza kumtazama usoni. Alimwambia kwamba yeye ndiye mwenye kosa, kwamba alikuwa mwoga. Akamwambia anampenda. Mwisho akamwuliza kama atakubali awe mke wake.

Kasiana aliendelea kutazama ardhi. Alifika mlangoni, akapanda, akakaa. Basi likaondoka.

Osmund alirudi nyumbani akiwa ameganda. Hakutegemea kusamehewa, lakini hakufikiri atakataliwa bila hata neno. Hakupiga simu, hakuandika barua.

Novemba, Mama Domina aliingia zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikaa, akakataa kuonyesha anaumwa wapi. "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Mwanangu alikukosea nini, mpaka ukamsindikiza stendi kimya kama unasindikiza maiti? Hata pole?"

Osmund alishindwa kumwelewa. Alimwomba arudie, akarudia. Hapo alisimama, akafunga mlango wa zahanati huku wagonjwa wawili wakisubiri, akaenda posta na kumpigia Kasiana katika namba aliyopewa na Mama Domina.

"Kasiana, siku ile stendi niliongea njia nzima."

"Usinidanganye. Nilikusubiri useme lolote. Kichwa kilikuwa kinanizunguka, natazama chini nisianguke, nasema moyoni, sasa hivi atasema."

"Nilikuwa kushoto kwako."



"Osmund," alisema Kasiana taratibu, "huko kushoto sisikii. Tangu uwanjani. Daktari bingwa amesema halitarudi."

Osmund aliegemea ukuta wa kibanda cha simu. Yeye, mtu wa masikio, alidhani ni kiwambo tu, na kiwambo hupona. Hakuwahi hata kuuliza. Alilia bila kujificha, na watu wa kwenye foleni wakatazama pembeni. Kasiana naye akamwambia lake: hakumwambia Daimu. Hakuwa na nia ya kumwambia tangu mwanzo.

"Uliongea nini njia nzima?" aliuliza.

Alimwambia yote, pamoja na lile la mwisho.

"Hilo nitalijibu nikija."

Alikuja Desemba, amevaa gauni la kitenge cha bluu, mwendo wake bado una tahadhari. Waliketi barazani kwa mama yake, Likuyufusi. Alikuwa haruki tena. Daimu alikuwa amempa kazi ya kuwapima warukaji, na hakuna aliyepanda ndege kabla yeye hajaridhika na masikio yake. Wiki iliyotangulia alimshusha kijana mwenye mafua, naye kijana akamtukana.

"Nilipomwona anavyonichukia, ndipo nikakuelewa ulivyoogopa," alisema. "Kama ningekuja leo nikulilie tena unisaidie niruke, ungenipa?"

"Nisingekupa. Na ningekwenda kwa Daimu usiku uleule."

"Ningekuchukia."

"Najua."

Kasiana aliinuka, akajishika kwenye nguzo kwanza kizunguzungu kipite.

"Basi nitaolewa na wewe," alisema. "Ngoja nikamwambie mama."

Alipotea ndani. Osmund alibaki barazani, na kabla hajajua afanye nini, kigelegele cha Mama Domina kilitokea jikoni, na majirani wakaanza kuja mbio kuuliza kuna nini.