Sanduku la Mboga Lisilovuja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Tangi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangi ya maji. Kabla ya kumkabidhi mteja tangi, alilijaza maji hadi mdomoni. Kisha alipitisha kiganja chini yake, polepole. Kiganja kikitoka kikavu, alicheka.

"Tangi langu halijui kulia," alisema.

Nyumbani aliishi na mke wake, watoto wao, na mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa mkulima maisha yake yote. Alikuja kukaa nao baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeshaunga. Shida ilikuwa kusimama.

Daktari hakumficha. "Mama, simama kila siku, hata kidogo. Ukikaa tu, miguu itasahau kazi. Ikisahau, mimi sina dawa."

Lakini bibi hakutaka kusimama. Alikaa kwenye kiti mlangoni, akitazama ua. Ua wote ulikuwa saruji tupu.

"Mama, simama basi kidogo," binti yake alimwomba.

"Nisimame nifanye nini? Nilinde saruji isiibiwe?"

"Daktari amesema, mama."

"Daktari akisimama ana pa kwenda. Mimi sina."

Fundi aliyasikia maneno hayo, yakamkaa moyoni. Mkwe hamkemei mama mkwe. Basi akaenda kwenye karakana yake, akakata bati nene. Aliunda sanduku kubwa lenye miguu minne ya chuma. Kama bibi hawezi kuinama, alifikiri, shamba limfuate juu.

Alichomelea kila pembe kama alivyozoea. Akalijaza maji. Akapitisha kiganja chini. Kikavu! Akalipeleka nyumbani kifua mbele.

Walijaza udongo, bibi akasia mchicha. Siku hiyo alisimama, akishika ukingo wa sanduku. Binti yake aliingia ndani kufuta machozi, asionekane.

Mchicha uliota vizuri. Halafu ukaanza kuwa wa njano.

"Una kiu," mke wa fundi alisema, akaumwagia maji. Siku iliyofuata akaumwagia tena. Majani yakalala. Udongo ukaanza kunuka kama mtaro. Mwisho mchicha wote ukafa.

Bibi aliutazama, akarudi ndani. Hata kiti cha mlangoni hakukitaka tena. Alilala kitandani na kugeukia ukuta.

"Hata mchicha umenikataa," alisema. "Niacheni."

Jirani yao mmoja aliuza miche ya mboga langoni kwake. Walimwita Mama Miche. Alikuja kumjulia hali bibi, akaliona sanduku uani. Alichomeka kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Nani ametengeneza hili?"

"Mimi," fundi alisema. "Halivuji hata tone."

"Ndiyo maana limeua. Shemeji, umetengeneza tangi, ukapanda mboga ndani. Ungefuga samaki tu."

Mke wa fundi aliangua kicheko. Fundi hakucheka.

"Mizizi inapumua kama sisi," Mama Miche aliendelea. "Maji yakikosa pa kutokea, mizizi inazama na kuoza. Majani yanakuwa ya njano, nanyi mnadhani ni kiu. Toboa matundu chini, mengi, kila moja liingie kidole kidogo."

"Nitoboe kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Kwa mkono wako. Au unataka nimwite fundi mwingine?"

"Mwingine yupi? Hapa hakuna mwingine."

"Haya basi. Halafu bati likipigwa na jua linapika mizizi. Panga mbao ndani, pande zote. Usitumie mbao zilizopakwa oili chafu, maana hiyo ni sumu na mboga mtakula nyinyi. Na kipimo cha sanduku ulichukua kwa nani?"

"Kwangu. Nilisimama nikapima."

"Kwani utalima wewe?"

Fundi alilitazama sanduku upya. Kumbe bibi alikuwa akiinua mabega kufikia udongo, na mkono wake haukufika katikati. Sanduku lilikuwa refu kwenda juu na pana kupita kiasi.

Alikwenda kwenye mlango wa chumba cha bibi, akasimama nje kwa adabu.

"Mama, nataka kukata miguu ya sanduku. Naomba kipimo chako."

"Kata unavyotaka."

"Basi nitakisia."

Mara kitanda kililia.

"Usikisie! Utaharibu chuma bure. Wewe mtoto, njoo unishike."

Binti yake alimshika, naye akasimama. Binti ndiye aliyepima, mkwe wa watu akitazama pembeni. Walipima kutoka sakafuni hadi kiunoni. Walipima pia mkono ulionyooshwa, maana upana wa sanduku la kufikiwa upande mmoja usizidi urefu wa mkono.

Fundi alikata na kupunguza. Alipofika kwenye matundu, kila moja lilimuuma kama jino. Lakini alitoboa yote. Mwishoni akachomelea bomba mbele ya sanduku, la bibi kushikia. Hilo hakufundishwa na mtu.

Walipanga mbao safi ndani. Safari hii waliliweka sanduku mahali pa jua la asubuhi kwanza, ndipo wakalijaza. Likishajaa halibebeki. Juu ya matundu walitandika kipande cha chandarua kikuukuu, udongo usitoroke. Mama Miche alichanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, na mchanga kidogo.

"Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole," alisema. "Ukikuta unyevu, acha. Pakikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini."

"Mama Miche," bibi alisema, "nimelima kabla hujazaliwa. Nyamaza nipande."

Wote walicheka, na bibi pia.

Mchicha ulikuja mzito na wa kijani. Asubuhi bibi alishika bomba, akapalilia, akapumzika, akasimama tena. Aliporudi kwa daktari, aliingia kwa miguu yake, akimlalamikia kwamba foleni inamchelewesha kazini.

Fungu la kwanza alilovuna alilitoa kwa fundi, kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Ulikubali kuharibu kazi yako kwa ajili yangu."

"Ahsante wewe, mama. Uliposimama nipate kipimo, nilishukuru kimoyomoyo."

"Basi nitengenezee jingine. La nyanya. Liwe na kina zaidi."

Siku hizi binti yake humfuata uani jua linapokuwa kali.

"Mama, kaa basi kidogo."

"Subiri," bibi humjibu. "Huoni nina kazi?"