Ngozi ya Sufuria

Jioni ile Séraphine alirudi kutoka Ndosho na mafuta ya ng'ombe yaliyofungwa katika jani la mgomba. Kichanga chake, Bénita, kililala mgongoni. Alishuka kwenye pikipiki pale Munigi, akapita haraka kati ya kuta za mawe meusi ya volkano. Giza halisubiri mtu.

Kesho ndugu za mumewe wangefika kutoka Butembo kuondoa matanga ya mama mkwe. Maharagwe na nyama vingepikwa uani, juu ya moto wa kuni, ndani ya sufuria nzito ya chuma ya marehemu. Ile ile. Ndivyo ukoo ulivyotaka.

Na Séraphine alikuwa ameiharibu.

Yeye alikulia Birere, kati ya sufuria za alumini, mahali ambapo mke hupimwa kwa jinsi sufuria zake zinavyong'aa. Basi asubuhi aliichukua ile nyeusi, akaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka weusi ukabanduka vipande vipande, kama gamba la kidonda. Akaianika juani. Adhuhuri kutu ilikuwa imeitambalia yote.

Mama Donatille, jirani yake, alipoiona alishika mdomo.

"Mukamwana, umeichuna ngozi. Ule weusi si uchafu. Ni mafuta ya miaka yote. Mama mukwe wako alikuwa anaipaka kila jioni, anataja majina ya watu wa nyumba. Sijue kwa nini, lakini hakuwahi kuacha."

"Sasa nifanye je?"

"Ichome kwa moto mpaka itoe moshi. Upake mafuta kidogo, uifunike juu ya makaa. Kisha tena, na tena. Ukiweka mafuta mingi itanata kama pua ya mutoto."

Sasa ilikuwa jioni, na Kasereka, mumewe, alikuwa ameenda kuazima viti kanisani. Séraphine akabaki peke yake na moto. Alifunga kitambaa kwenye kijiti, akachovya, akapaka.

Mafuta yakateleza. Yakakimbia chuma kama maji juu ya jani la gimbi.

Akapaka tena. Yakateleza tena.

Kisha akasikia... kwaru... kwaru... kwaru... Mchanga juu ya chuma. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia.

Harufu ya sabuni ikapita moshi.

"Hodi."

Upande wa pili wa moto alisimama mwanamke mzee, kitenge kimemfunika hadi machoni. Mbwa wa jirani alikuwa akibweka. Akanyamaza.

"Karibu, mama. Kaa pale, kwenye jiwe."

Hakukaa. "Haishiki," alinong'ona.

"Haishiki, mama."

"Haiwezi kushika bila jina."

Akanyoosha mikono kuota moto, kama wazee wafanyavyo. Séraphine akaiona.

Haikuwa na ngozi.

Toka vidole hadi viwikoni ilikuwa nyama tupu, na katika nyama ile chembe za mchanga zilimetameta.

"Asubuhi uliamka na nguvu, mukamwana," alisema, karibu acheke. "Ulisugua muzuri. Hata chini ya makucha."

Séraphine alitaka kukimbia. Badala yake akakaza mbeleko.

"Huyu wa mugongoni simujue. Nilienda zangu yeye hajazaliwa. Anaitwa nani?"

Anayekuja pamoja na giza hapewi jina la mtoto. Hilo analijua kila mama.

"Mama... chukua kuku. Wako wawili."

"Chuma haitake kuku. Nitajie mutu mumoja wa nyumba hii, nifunike mikono yangu. Kule kuna baridi."

Sufuria ikaanza kutetemeka juu ya mafiga. Mgongoni, pumzi ndogo iliyokuwa ikimpasha Séraphine joto shingoni ikakatika.

Akasubiri irudi.

Haikurudi.

"Séraphine," akasema. "Taja Séraphine. Ni mimi."

Mafuta yaliyokataa yakatambaa yenyewe. Polepole, yakapanda kuta za chuma, meusi, laini, bila tone kuanguka. Mwanamke akarudisha mikono ndani ya kitenge.

"Asante, mutoto wangu," alisema, kwa upole mwingi.

Bénita akavuta pumzi, akalia.

Kasereka alipofika na viti hakukuta mgeni. Mama Donatille, aliyekuwa akianua nguo ng'ambo ya ukuta, aliapa kwamba hakuona mtu. "Nilikusikia unaongea na moto. Nikasema, matanga inachosha."

Kesho yake watu walikula wakashiba. Shangazi za Kasereka walipitisha vidole ndani ya sufuria wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kama ya mama mwenyewe, walisema.

Bénita ananenepa, mashavu yanajaa mkono. Séraphine naye anakula, anakula kuliko zamani, lakini kitenge kilichomzunguka mara moja sasa kinamzunguka mara mbili. Kila jioni anaipaka sufuria mafuta. Hakuna aliyemtuma.

Jumapili Kasereka alitaka kuiondoa mafigani. Akainama, akashika, akaiacha. Akachungulia ndani.

"Mama Bénita, umeweka nini humu?"

Haikuwa na kitu. Akamwita jirani, wakaibeba wawili, wakihema, na changarawe ya volkano ikalia chini ya miguu yao.

Séraphine alitembea nyuma yao, mtoto mgongoni. Alisikia miguu ya mumewe. Alisikia miguu ya jirani. Akasimama, akapiga hatua moja kwa nguvu, akatega sikio.

Changarawe haikulia.