Laptop Iliyopiga Hodi

Abdulazizi, rafiki yangu anayetengeneza kompyuta pale Msata, si mtu wa kuzua mambo. Ndiyo maana habari hii inanikera.

Mwalimu Mwanahija wa Fukayosi alimpelekea laptop yake ya mtumba. Ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, na alama za wanafunzi wake zote zimo humo. Abdulazizi akasafisha feni, akabadilisha chaja, akabadilisha RAM. Wapi! Kila baada ya dakika tatu inazima, halafu inawaka.

Siku ya pili, alasiri, mvua ikapiga bati na umeme ukakatika. Akafunga mlango, giza likajaa dukani. Betri ya laptop alikuwa ameshaichomoa, iko mezani mbele yake.

Feni ikaanza kuvuma.

"Hodi," ikasema spika, kwa sauti ya mzee. Ikazima, ikawaka. "Hodi." Ikazima tena, ikawaka. "Hodi."

Sisi tumelelewa hivyo: hodi ya tatu haiachwi bila jibu, mgeni ataondoka. Mdomo ukamtangulia Abdulazizi.

"Karibu."

Feni ikanyamaza.

Kesho yake laptop ilishinda inawaka, haikuzima hata mara moja. Mwanahija alipoifuata, alisimama mlangoni akamsalimu Abdulazizi, kisha akainama kwa adabu, akitazama nyuma ya bega lake.

"Shikamoo, babu."

Abdulazizi alikuwa peke yake. Hakuweza kugeuka; aliomba tu asisikie jibu.

"Marahaba," ikaitikia sauti ile ile, sikioni mwake.