Mwanafunzi wa Fremu ya Dirishani

Jumamosi ya tatu ya mafunzo, fremu iliyokuwa karibu na dirisha ilikutwa imeanza kufumwa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuikalia.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Humo Fundi alifundisha kufuma mapambo ya ukutani, yale mazito ya sufu yanayotundikwa kama picha. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya ajabu na ulimi wa upupu. Kazi ya mwanafunzi ikimchukiza, hakusema rekebisha hapa au pale. Aliinyanyua wote waione, kisha akaifumua uzi kwa uzi huku mwenye kazi amesimama pale pale, mikono nyuma. Waliovumilia walitoka mafundi kweli. Wengine walishuka ngazi wakilia.

Aliyefumuliwa kuliko wote ni mdogo wake. Walimwita Kadogo, ingawa alimpita dada yake kwa kichwa kizima. Waliishi nyumba moja tangu wazazi wao wafariki. Kadogo ndiye aliyefagia chumba, akatanda nyuzi za wima kwenye fremu kabla wanafunzi hawajafika, na akatunza ufunguo. Miaka tisa alikuwa akifuma, na hakuna kazi yake hata moja iliyowahi kutundikwa.

"Nani huyu?" Fundi aliuliza asubuhi ile. Kwenye fremu ya dirishani kulikuwa na kipande cha upana wa kiganja, kimepinda huku na huku kama njia ya mlevi. "Nani kafuma kwa vidole vya miguu?"

Wakacheka. Dereva, mwanamume mnene aliyeacha malori kwa sababu ya mgongo, alicheka kuliko wote, maana siku hiyo hakuwa yeye anayechekwa.

"Kadogo, ni wewe?"

"Si mimi, dada. Jana nilifunga mlango mwenyewe, fremu ilikuwa tupu."

"Basi ni shetani," Fundi akasema, akaingiza kidole chini ya uzi wa kwanza, akavuta. Sufu ilitoka taratibu, ikaacha harufu ya nywele zilizoungua. Harufu hiyo ilikaa puani mwa kila mtu mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata kipande kilikuwa kimerudi. Safari hii mistari ilinyooka, na rangi yake ilikuwa ya hudhurungi laini, ambayo haikuwamo katika makapu ya sufu. Mkunga mstaafu, aliyejiandikisha ili asikae nyumbani akigombana na wakwe, alikigusa, akarudisha mkono haraka.

"Kina joto," alisema kwa sauti ya chini.

"Kimepigwa na jua," Fundi akajibu.

"Jua halijafika upande huu, mwanangu. Hili ni joto la mtu. Nimepokea watoto miaka thelathini, nalijua." Akamsogelea. "Sikiliza. Usikifumue. Mwambie tu amejitahidi."

"Nimwambie nani?"

Mkunga alikuwa akikitazama kiti kilichokuwa mbele ya fremu.

Fundi hakuwa mtu wa kuambilika. Hakufumua, alichukua mkasi, akakikata kile kipande katikati, kwaap, na wote wakasikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtoto anayejizuia kulia mbele za watu. Sauti ilitoka kwenye kile kiti. Dereva aliacha mkoba wake, akashuka ngazi, na hakurudi tena.

Jumatatu, simu ya Kadogo ilikataa kidole chake. Akakipangusa kwenye gauni, akajaribu tena, ikakataa tena. Alipokileta karibu na macho aliona ncha yake imekuwa laini kama mgongo wa kijiko, haina hata mstari mmoja.

"Ni mafuta ya sufu hayo," dada yake akamwambia bila kuinua uso. "Nawa kwa sabuni."

Akanawa. Jumanne vidole vyote kumi vilikuwa laini hivyo. Jumatano kucha za mkono wa kulia hazikuwepo. Hazikung'oka, hazikuuma, ngozi ilikuwa imefunga tu juu yake kana kwamba kucha hazijapata kuwepo. Kadogo alivaa glavu za kuoshea vyombo kutwa nzima. Dada yake hakuuliza kwa nini.

Alhamisi mchana alikwenda kutanda nyuzi kama kawaida. Akiwa katikati ya ngazi alisikia kitana cha kufumia kikigonga, tok, tok, tok, mpigo wa mtu aliyetulia na kazi yake, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Miguu iliendelea kupanda kana kwamba si yake, akafungua mlango, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamvaa usoni, na pale dirishani, kwenye mwanga mweupe wa saa nane, akaona kitana kikipanda na kushuka bila mkono, na uzi wa hudhurungi ukipita nyuma na mbele ya nyuzi za wima, nyuma na mbele, kwa ustadi ambao yeye hakuufikia kwa miaka tisa, na akaufuata uzi ule kwa macho ajue unatoka wapi, kutoka kwenye fremu hadi sakafuni, kutoka sakafuni hadi kwenye kizingiti, kutoka kizingiti ukapanda kando ya gauni lake hadi ndani ya glavu, na alipoivua glavu aliona kidole chake cha shahada kikifumuka polepole kutoka nchani, bila damu, bila maumivu, mzunguko baada ya mzunguko.

Alipiga kelele moja tu. Wauza rangi wa chini walipofika, mkono wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba peke yake.

Mkunga ndiye aliyemleta Mganga. Alikuwa mzee mkavu ambaye siku nyingine hutengeneza vyerehani, na alipofika ghorofani kesho yake alikuwa bado na grisi mikononi. Kadogo alikalishwa mkekani, vidole vyote kumi vimeshafumuka usiku, glavu zote mbili zimelala tupu. Mganga alifukiza ubani, akasoma alichosoma.

"Shikamoo, mwalimu," Kadogo akasema.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti laini, ya mwanafunzi mwenye adabu.

"Muitikie," Mganga akamnong'oneza Fundi.

"Ma... marahaba."

"Unataka nini kwa watu hawa?" Mganga akauliza.

"Nilitaka kujifunza. Nikachekwa."

"Huyu binti hakukucheka. Kwa nini yeye?"

"Kila mwanafunzi huja na uzi wake. Mimi sina mwili, nitatoa wapi uzi? Huyu alikuwa karibu, na hapakuwa na mtu anayemtazama."

Mkunga aliziba mdomo kwa kiganja.

"Rudisha ulichochukua."

"Nitarudisha. Mwalimu anipe vyake kumi, nami nimrudishie mdogo wake kumi."

Fundi alificha mikono kwapani. "Mwambie hapana."

"Basi vitano," sauti ikasema kwa upole.

"Hapana!"

"Kimoja. Kile cha mwisho, cha mkono wa kushoto. Nampa kumi kwa hicho kimoja."

Mganga akamgeukia. "Mama, majini wakitamka neno hulitimiza. Ni kidole kimoja. Kidogo kuliko vyote."

Fundi alitoa mkono wake wa kushoto, akakitazama kile kidole muda mrefu. Ubani ulitatarika kwenye makaa.

"Hicho ndicho ninachobania uzi," akasema hatimaye. "Bila hicho sifumi. Na nisipofuma, yeye atakula nini? Mtoe bure. Kazi yako si kutoa?"

"Mdogo wako huyu," Mkunga akamwambia, machozi yakimtoka.

"Nimeshasema."

"Nimeelewa, mwalimu," sauti ikasema. "Hilo sikulijua. Ahsante kwa somo."

Harufu ikakatika papo hapo. Uzi wa hudhurungi ukakauka kwenye fremu, ukamwagika chini kama majivu. Kadogo alianguka ubavu, na walipomvua glavu walikuta viganja viwili vilivyofunga, laini, kama mikate iliyoumuliwa.

Wiki nane zikapita. Fundi alipata wanafunzi wapya, fremu zote zikajaa, hakuna kilichogonga wala kilichonuka. Lakini alianza kukonda. Mwishowe alimfuata Mganga kwenye vyerehani vyake.

"Hajatoka," akamwambia. "Njoo uone mwenyewe. Nikimlisha hatazami chakula, anatazama mkono wangu wa kushoto. Anatabasamu. Kila siku, asubuhi na jioni, hasemi neno. Na macho yale si ya mdogo wangu, nakuapia."

Mganga alikuja. Alifukiza, akasoma, akamwagia Kadogo maji kichwani, akasikiliza kifuani kwake, akamwangalia ndani ya macho. Kadogo alimwachia afanye yote kwa utulivu. Mzee alipomaliza alikusanya vitu vyake bila haraka.

"Jini alitoka siku ile ile," alisema. "Hakuna kitu humu."

"Basi huyu ni nani?"

Mganga alimtazama kama anayemwonea huruma. "Ni mdogo wako," akasema, akavaa viatu mlangoni.

Mlango ulipofungwa, Kadogo alisogeza kiti chake mezani, macho yakiwa kwenye mkono wa kushoto wa dada yake. Akafungua kinywa, akasubiri kulishwa.