Diski ya Nyumba ya Pili

Jengo la mafundi wa kompyuta na simu lilikuwa limefurika watu. Mshonaji alipanda ngazi akipigwa vikumbo, kompyuta ameikumbatia kifuani, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya gauni lake la bluu. Akaingia mlango wa kwanza aliouona wazi.

"Imekufa," alimwambia fundi. "Ndani mna sauti ya mama yangu, na mama mwenyewe hayupo tena."

Fundi huyo kwa kawaida hana wakati asiotania, lakini siku hiyo utani ulimkauka mdomoni. Aliacha kazi zote akashughulika na hiyo moja, mpaka sauti ya mwanamke mzima ikatoka: "Mwanangu, usiuvute uzi, utakikunja kitambaa." Mshonaji akaangua kilio mbele ya mtu asiyemjua hata jina.

Walipendana, na mimi sioni ajabu. Mtu akikurudishia mama yako, hata kwa dakika chache, moyo utakataaje?

Hazikupita wiki nyingi fundi akaenda nyumbani kwa mshonaji kuhakikisha sauti ile haipotei tena. Diski moja ya akiba ingekaa mezani, imechomekwa kwenye kompyuta, ikinakili kila kitu yenyewe. Ya pili, yenye nakala ileile, ilitakiwa kutoka nje ya nyumba.

"Isikae unapoishi wewe, mpenzi. Moto ukizuka au mwizi akiingia, visiende vyote. Nimeshaitengea droo kwangu."

"Kwako hapana."

"Kwa nini?"

"Nitaipeleka kwa shangazi."

"Shangazi! Yule anayeniita kijana wa nyaya?"

Mshonaji alicheka, akageuza mazungumzo. Sababu alikuwa nayo, ila aliona haya kuitamka.

Fundi aliondoka akijiuliza. Kama haaminiwi kutunza diski, ataaminiwa kutunza mke? Simu zake zikawa fupi, kisha zikakoma. Mwanamume akiumizwa kiburi husema ana kazi nyingi, na huyu naye alisema hivyohivyo.

Mshonaji alivumilia kimya hicho, akilala na simu mkononi, mpaka siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Kompyuta iliungua, na diski iliyochomekwa ikaungua nayo.

"Njoo, kompyuta na diski vimeungua," alimwambia fundi kwenye simu.

"Ya shangazi iko wapi?"

"Nimeshaifuata, ninayo hapa. Naogopa kuichomeka."

"Usiiguse. Nakuja, laazizi."

Alifika na kompyuta nyingine, shati halijafungwa vifungo vyote. Aliichomeka diski. Mafaili yakaanza kuingia moja baada ya jingine huku mshonaji ameng'ang'ania mkono wake. Mama akasema tena. Walimsikiliza mpaka mwisho bila kukatizana.

"Ulifanya vyema kumwamini shangazi," fundi alisema akikunja nyaya. "Ila mimi uliniumiza sana."

"Si wewe uliyesema isikae ninapoishi?"

"Ndiyo. Kwani kwangu unaishi?"

Mshonaji akainamisha macho. "Ningeipelekaje kwako, na kila siku namwomba Mungu uje unichukue nikaishi kwako?"

Fundi aliziacha nyaya. Akakaa chini karibu naye.

"Kesho nakwenda kwa shangazi," alisema. "Si kwa ajili ya diski."

"Atakusumbua kwanza."

"Najua."

"Lakini nenda," alisema mshonaji.