Kitambaa Kilichoshonwa Mara Nne

Kitambaa kilikuwa na matundu. Si ya panya. Yalikuwa matundu ya sindano, mistari minne ya kiuno, kila mmoja na upana wake.

Fundi cherehani alikiinua dirishani, akasonya. Mchumba wake ndiye aliyemletea ajishonee gauni la harusi, akaapa ni kipya. Kipya! Kimeshonwa na kufumuliwa mara nne, na bwana anadhani fundi haoni.

"Kila mchumba kampa hiki hiki," alimwambia shangazi yake, aliyekuwa akitia vifungo upande wa pili wa meza. "Wakiachana, anakichukua."

"Mwanangu, mwanamume aliyezunguka sana keshachoka. Atatulia."

"Mmoja, wawili, ni ujana, shangazi. Wanne ni tabia."

"Haya, msubiri asiye na doa. Utazeekea hapo hapo kwenye cherehani."

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na alimpenda yule bwana, tena kijinga. Basi akashona.

Kesho yake gauni lilimbana kifuani. Akalifumua, akapima upya. Keshokutwa likampwaya. Siku ya tatu, adhuhuri, alilivaa mbele ya kioo, na harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani, mishono ikaanza kumtembea kiunoni kama sisimizi, ikikaza na kulegea, ikitafuta miili iliyoizoea, na huku shangazi akiendelea kukata uzi bila kusikia chochote, pumzi ya baridi ikamnong'oneza sikioni: "Wa kwanza alikufa na kinyongo. Mimi ni jini wake. Wewe sikutaki. Namtaka bwana wako."

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "njoo univue. Taratibu."

Shangazi alipoona michubuko kiunoni, alilitupa gauni sakafuni. "Tulichome moto kitambaa hiki, leo hii."

"Hapana. Kina jini, na jini anamtaka bwana. Nitamshonea shati."

"Mwanangu, ukimvisha hilo humpati tena."

"Najua." Alilia kidogo, kisha akachukua mkasi. Bwana aliwafanya wanne wajinga, na sasa alitaka kumfanya yeye wa tano. Hasira ilimshika, akalikata gauni kiunoni.

Bwana alikuja Ijumaa, ananukia vizuri, anacheka. "Gauni limekuwa shati? Una mambo, mke wangu!"

Akalivaa. Vifungo vikajifunga vyenyewe, kuanzia chini kupanda juu. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Kola ilimkaba, mbavu zikalia, kucha zake zikakwaruza kitambaa bila kupata pa kushika, akapiga magoti katikati ya vipande vya nguo huku macho yamemtoka, akimnyooshea fundi mkono.

"Mke wangu! Nivue, mke wangu!"

"Abee," shati likaitika.

"Abee." "Abee." "Abee." Sauti nne za wanawake wanne, maana jini hana sauti yake, huazima.

Fundi aliuma mdomo ili asiitike naye.